Ndama Anayeharisha: Mrudishie Maji na Chumvi Kabla Hujatafuta Sindano

Ndama wa wiki moja akianza kuharisha, wengi wetu hutazama mkia. Tunakagua kinyesi kama ni cheupe au cha njano, kizito au maji matupu, kina damu au hakina. Kisha kijana anatumwa duka la dawa za mifugo, anarudi na chupa ya sindano. Au nyumbani zinatafutwa zile kapsuli za rangi mbili zilizobaki mtoto alipougua. Ndama anapewa dawa, maziwa yanasimamishwa eti tumbo lipumzike, na kesho yake anakutwa amelala ubavu, masikio ya baridi. Lawama zinaiendea dawa: ilikuwa feki.

Mara nyingi dawa haina kosa. Ndama yule alikauka. Zaidi ya asilimia 70 ya mwili wa ndama mchanga ni maji, na maji hayo yana chumvichumvi zake: sodiamu, kloridi, potasiamu na bikaboneti. Kuharisha hutoa vyote hivyo kwa pamoja. Ndama wa kilo 40 anayeharisha maji anaweza kupoteza lita 4 kwa siku moja, yaani sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Ngamia wa Marsabit au Turkana anaweza kupoteza maji yenye uzito wa robo ya mwili wake na bado akatembea hadi kisimani. Ndama akifika nusu ya hapo, yuko mlangoni pa kifo.

Maji yakipungua, damu huwa nzito na chache. Mwili huitunza kwa ajili ya moyo na ubongo, ukaacha kuipeleka kwenye miguu na masikio, ndiyo maana ukiyashika unakuta yamepoa. Figo nazo hupunguza kazi. Wakati huohuo bikaboneti, ambayo kazi yake ni kutuliza asidi katika damu, inatoka na kinyesi, huku bakteria wa utumbo wakichachusha maziwa ambayo hayakusagwa na kuongeza asidi nyingine. Asidi hiyo ndiyo inayomlegeza ndama mpaka anayumba kama amelewa na kusahau kunyonya. Sindano ya kuua vijidudu haimrudishii hata tone moja la maji, wala chembe ya chumvi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kurudisha kilichotoka, na sehemu kubwa ya kazi hiyo mfugaji anaiweza mwenyewe, kwa chupa yenye chuchu na vijiko viwili vya jikoni.

Pima kwanza

Uanze na uzito. Ndama chotara wa Friesian huzaliwa na kilo 35 hadi 40, wa zebu hukaa karibu na kilo 20. Tofauti hiyo ni kubwa, na kipimo kinachomfaa wa kwanza ni mara mbili ya mahitaji ya wa pili. Kama una utepe wa kupimia kifua, utumie. Kama huna, panda na ndama kwenye mizani ya kupimia magunia, kisha toa uzito wako.

Halafu ngozi. Simama ubavuni mwa ndama, shika ngozi ya katikati ya shingo kwa kidole gumba na cha shahada, ivute ikunjike, izungushe kidogo, uachie. Tazama saa. Ndama mwenye maji ya kutosha, kunjo hupotea kabla ya sekunde 2. Likisimama sekunde 2 hadi 5, ameshapoteza maji yenye uzito wa asilimia 6 hadi 8 ya mwili wake. Likipita sekunde 5 bado umeliona limesimama, hesabu asilimia 8 hadi 10.

Sasa jicho, na kwangu hiki ndicho kipimo bora kuliko vyote. Jicho la ndama mzima limegusana na kope, halina nafasi. Kadiri anavyokauka linazama, na kati ya jicho lenyewe na kope la chini panatokea pengo. Livute kope la chini taratibu kwa kidole uone vizuri. Pengo la milimita 4 ni takriban asilimia 8. Tahadhari moja tu: ndama aliyekondeana kwa njaa ya muda mrefu naye macho yake huzama na ngozi yake hulegea, hata kama maji si tatizo lake kubwa. Kwa huyo angalia vipimo vyote kwa pamoja.

Mwisho tia kidole safi mdomoni. Unatafuta mambo mawili: joto, na nguvu ya kunyonya. Mdomo wenye joto na ulimi unaokibana kidole ni habari njema. Mdomo wa baridi na ulimi uliolala ni habari mbaya sana, na hapo hupaswi kuendelea kusoma. Piga simu kwa daktari wa mifugo.

Kupungua kwa chini ya asilimia 5 hakuonekani kwa macho wala kwa vidole. Kwa sababu hiyo, ndama yeyote anayeharisha maji mhesabie angalau asilimia 5, hata kama anarukaruka.

Sasa hesabu. Ndama wa kilo 36, ngozi sekunde 4, jicho limezama kiasi, bado anasimama na ananyonya. Mhesabie asilimia 8. Kilo 36 mara 8 gawanya kwa 100 ni karibu lita 3 alizokwishapoteza. Hizo ni za jana. Leo ataendelea kuharisha, na huenda zikatoka lita nyingine 2 hadi 4. Juu ya hapo mwili wenyewe unahitaji maji ya kila siku, ambayo kwa ndama hutokana na maziwa. Ukijumlisha utaona kwa nini kikombe kimoja cha maji ya chumvi asubuhi na kingine jioni hakimsaidii mtu.

Kuchanganya

Maduka mengi ya pembejeo huuza pakiti za chumvichumvi za ndama. Ukizipata, soma nyuma ya pakiti. Unataka uone glukosi au dekstrosi, sodiamu, na kitu cha kutuliza asidi, ama bikaboneti ama asetati. Pakiti isiyo na hicho cha tatu ni nusu ya dawa. Changanya na kiasi kilekile cha maji kilichoandikwa.

Usipozipata, mchanganyiko huu wa nyumbani unatosha kwa ndama ambaye bado anasimama na kunyonya. Kwa lita 2 za maji safi yaliyochemshwa yakapoa hadi kuwa vuguvugu, weka chumvi ya mezani kijiko 1 cha chai, bikaboneti ya soda ya kuokea vijiko 2 vya chai, na glukosi ya unga vijiko 4 vya chakula. Vijiko vyote viwe vya usawa. Chota, kisha pitisha mgongo wa kisu juu ya kijiko kilichozidi kimwagike. Kijiko cha kilima kinaweza kubeba karibu mara mbili ya kijiko cha usawa, na hapo ndipo mambo huharibika. Koroga mpaka maji yawe angavu, onja: yawe na chumvi ya machozi, yasikukunje uso. Yasiyotumika siku hiyo yamwage.

Mtu atauliza: kwa nini glukosi wakati sukari ipo jikoni? Swali zuri, kwa sababu akina mama wengi Afrika Mashariki wamefundishwa kliniki kumtengenezea mtoto anayeharisha lita 1 ya maji yenye vijiko 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, na mchanganyiko huo umeokoa watoto wengi. Kwa ndama haufai. Utumbo wa ndama hauna kimeng'enya cha kuivunja sukari ya mezani. Sukari hiyo hubaki ndani, huvuta maji kutoka mwilini kuyaleta utumboni, bakteria huichachusha, na kuharisha kunazidi. Ukimnywesha ndama maji ya sukari, unaongeza ugonjwa kwa mikono yako mwenyewe. Soda za chupa ni hivyohivyo. Glukosi ya unga ile ya kopo, wanayopewa wagonjwa na wanamichezo, ndiyo inayofaa, lakini soma kopo uhakikishe haikuchanganywa na sukari ya kawaida.

Na glukosi haikuwekwa kwa ajili ya utamu wala kwa kumpa nguvu. Ukuta wa utumbo mwembamba una milango ambayo sodiamu na glukosi huingia wakiwa wawili, mmoja akimvuta mwenzake, na maji huwafuata nyuma. Chumvi peke yake haipokelewi vizuri na utumbo unaoharisha. Maji matupu nayo hupita tu. Mwanasayansi Robert Crane ndiye aliyeueleza mfumo huu huko Prague mwaka 1960, na mwaka 1971 ukaonyesha thamani yake pale kipindupindu kilipoingia kambi za wakimbizi wa vita vya Bangladesh, dripu zikaisha, watu wakanyweshwa mchanganyiko wa glukosi na chumvi na wengi wakapona. Utumbo wa ndama una milango hiyohiyo. Uzuri wake ni kwamba katika magonjwa mengi ya kuharisha milango hii huendelea kufanya kazi hata ndama anapoharisha sana.

Bikaboneti nayo ina mitego yake. Bekingi pauda si bekingi soda. Ya kwanza imetiwa asidi ndani yake, haifai hapa. Na magadi, yale ya mabonge tunayolainishia maharage au kisamvu, usiyatumie hata kidogo. Magadi ya maziwa yetu ya Bonde la Ufa, Natron na Magadi yenyewe, yana kaboneti kali inayochoma na yana floridi. Hujui kijiko kimebeba nini.

Kosa linalonitia hofu kuliko yote ni la mtu mwenye nia njema anayesema, "Ngoja niongeze chumvi kidogo, ifanye kazi haraka." Chumvi ikizidi katika damu, maji huvutwa kutoka kwenye chembechembe za ubongo. Ndama huanza kutetemeka, hupofuka, hupigwa na degedege, na hata daktari akija hawezi kumrudisha kwa haraka, kwa sababu kuishusha chumvi hiyo ghafla nako kunaua. Kupunguza maji kwenye pakiti ni kosa lilelile. Kama una shaka na kipimo, mwaga uanze upya. Glukosi ni bei, lakini ndama ni bei zaidi.

Je, pakiti za ORS za binadamu? Usiku wa manane, duka limefungwa na bikaboneti haipo, zitumie: pakiti 1 kwa lita 1 kama ilivyoandikwa. Zina glukosi halisi, kwa hiyo utumbo utaipokea. Upungufu wake ni kwamba tangu mwaka 2002 zina sodiamu kiasi cha milimoli 75 kwa lita, ilhali ndama anahitaji 90 hadi 130, na kinga yake dhidi ya asidi ni ndogo. Ni daraja la kukuvusha mpaka asubuhi. Kwa wenzetu wa pwani, maji ya dafu yana potasiamu tele lakini sodiamu kidogo mno. Mwachie mtu anayekata kiu.

Kunywesha, na habari ya maziwa

Usisimamishe maziwa. Ushauri wa kumfungia ndama maziwa siku mbili tatu umeenea sana, na umeua ndama wengi kwa njaa wakidhaniwa wamekufa kwa kuharisha. Fanya hesabu mwenyewe: lita 6 za mchanganyiko wetu zina takriban gramu 120 za glukosi, nguvu ambayo haifiki hata ya lita 1 ya maziwa ya ng'ombe. Ndama mchanga hana akiba kubwa ya mafuta. Tena maziwa ndiyo yanayomletea potasiamu, ambayo mchanganyiko wetu wa nyumbani hauna.

Lakini usivichanganye katika ndoo moja. Bikaboneti huzuia maziwa kuganda katika tumbo la nne, na maziwa yasiyoganda hupita haraka na kuongeza kuharisha. Acha nafasi ya saa 3 au 4 kati yake. Kwa ndama wetu wa kilo 36, siku inaweza kwenda hivi: saa 12 asubuhi maziwa lita 2, saa 4 maji ya chumvi lita 2, saa 8 mchana tena lita 2, saa 12 jioni maziwa lita 2, saa 4 usiku maji ya chumvi lita 2 za mwisho. Ile ya usiku ndiyo inayorukwa, na kwa bahati mbaya usiku ndipo ndama wengi hufa. Ndama wa zebu wa kilo 20 mpe nusu ya hivyo. Kama ananyonya mama yake, mwache anyonye, kisha umtenge na kumpa maji ya chumvi baada ya muda huo kupita. Maji safi matupu yawepo karibu naye mchana kutwa, na anywe apendapo.

Tumia chupa yenye chuchu. Ndama anaponyonya, mfereji ulio juu ya tumbo la kwanza hujikunja ukayapeleka maji moja kwa moja kwenye tumbo la nne, mahali panapotakiwa. Kichwa kiwe kwenye kimo cha kawaida cha kunyonya, kisiinuliwe kuelekea juu. Kumlaza ndama, kumfungua taya na kumimina kwa chupa ya soda ni kuyaelekeza maji kwenye mapafu, na ukisikia anakohoa huku unamimina, acha papo hapo. Kuna mpira maalumu wa kunyweshea unaopita kooni hadi tumboni. Ni kifaa kizuri kwa ndama aliyechoka kunyonya, lakini mwombe mtaalamu wa mifugo akuonyeshe kwa mkono kabla hujaujaribu, na usiutumie kwa maziwa ya ndama anayeharisha.

Mkaushie malazi. Msimu wa mvua, katika mabanda ya miteremko ya Kilimanjaro au Rungwe, ndama mgonjwa aliyelala kwenye tope hutumia nguvu zake zote kujipasha joto. Majani makavu ya kutosha kuficha miguu anapolala, na gunia kavu mgongoni, vinatosha.

Kujua kama anapona, rudi kwenye jicho. Kinyesi kinaweza kuendelea kuwa laini kwa siku kadhaa, nacho humkatisha mfugaji tamaa akaacha maji siku ya pili na kukimbilia sindano. Jicho likijaa tena, ngozi ikirudi upesi, akikojoa mkojo mwingi usio mzito na akianza kukufuata kwa njaa, uko njiani, hata kama mkia bado umechafuka. Endelea na maji ya chumvi mpaka kinyesi kishike.

Pale mikono yako inapoishia

Ndama asiyeweza kusimama, mwenye mdomo wa baridi, aliyeacha kunyonya kabisa, au ambaye jicho lake limezama wazi na kunjo la ngozi linasimama zaidi ya sekunde 6, huyo anahitaji dripu ya mshipani. Utumbo wake haupokei tena, na maji utakayommiminia yatalala tumboni tu. Anahitaji pia bikaboneti ya mshipani kwa kipimo cha daktari. Mwambie daktari hivyo kwenye simu, aje na vifaa: taja uzito, sekunde za ngozi, kama anasimama, na lini ameanza kuharisha. Ukimpa hayo manne, atajua afike na chupa ngapi.

Usikubali mtu amchome potasiamu kwa kubahatisha. Asidi ikizidi, potasiamu hutoka ndani ya chembechembe za mwili na kujaa kwenye damu, hata kama mwili kwa jumla umeishiwa, na ikizidi hapo moyo husimama. Ukihesabu mapigo ya ndama aliyelala ukakuta yanakwenda polepole au yanarukaruka, mwambie daktari na hilo.

Antibiotiki zina mahali pake: homa, damu kwenye kinyesi, kitovu kilichovimba, ndama aliyezubaa kabisa. Daktari ndiye aamue. Ndama wengi wa wiki mbili za kwanza huharishwa na virusi vya rota na korona, au na kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu, ambavyo havijali zile kapsuli za rangi mbili. Majani ya mpera yaliyochemshwa sitayapinga, wazee wetu waliona kitu. Ila hayabadilishi hesabu ya lita zilizotoka.

Kwa ndama ajaye, dang'a iwahi: asilimia 10 ya uzito wake, ndani ya saa 6 tangu azaliwe, kwa chupa kama mama ana fujo au kiwele kimeshuka mno.

Na kwa sasa, ndama mgonjwa atengwe, ahudumiwe wa mwisho baada ya wazima. Chupa na chuchu yake vioshwe kwa maji ya moto na sabuni kila baada ya mlo, vianikwe juani. Kriptosporidiamu na salmonela huhamia kwa watu, kwa hiyo watoto wasimchezee wala kunyonywa vidole naye, na wewe unawe kwa sabuni kabla hujashika jagi la maziwa ya nyumbani.